Italia ilizuia ndege za China kabla ya Ulaya nzima, mbona ndiyo iliyoungua kwanza?

#1 Mkaguzi wa Zamu

Wakuu, habari zenu. Naenda moja kwa moja kwenye mada.

Kila ukija uzi wa milipuko, mchangiaji wa kwanza huandika "wangefunga mipaka mapema". Leo naomba tulifumue hilo. Tarehe 30 Januari 2020 Italia ilithibitisha watalii wawili waliotoka China kuwa na virusi vya corona, wakiwa Roma. Kesho yake ndege zote za China zikasimamishwa na hali ya dharura ikatangazwa. Katika Umoja wa Ulaya hakuna aliyewatangulia. Haikupita mwezi: usiku wa kuamkia 21 Februari, hospitali ya Codogno, mji mdogo kusini mwa Milano, ikapata mgonjwa ambaye hakuwa ametoka China. Tarehe 23 manispaa 11 zikafungwa, watu kama 50,000. Tarehe 9 Machi ikatangazwa nchi nzima.

Upande wa pili, Korea Kusini haikuifungia China yote, ilizuia waliotoka mkoa wa Hubei tu. Daegu ikalipuka vibaya mwishoni mwa Februari, lakini wakalizima wimbi lile bila kufungia nchi nzima ndani.

Sasa mniambie: mpaka ni dawa au ni pambo? Na kama si mpaka, kitu gani kiliamua siku 30 za mwanzo?

#2 Dagaa Mchele

Nimekaa siti ya mbele na karanga zangu. Ngoja waje wenye nondo.

#3 Nyuki Mkali

Mleta mada umechagua mfano unaokufaa. Nami nachagua wangu.

Samoa, Novemba 1918. Meli Talune ilitoka Auckland ikiwa na wagonjwa wa mafua, ikatia nanga Apia tarehe 7, abiria wakashuka. Samoa hiyo ya magharibi ilikuwa chini ya New Zealand. Walikufa watu kama 8,500, yaani mmoja katika kila watano, ndani ya miezi michache. Hapohapo jirani, Samoa ya Marekani, gavana Poyer aliweka karantini kwa kila chombo na kuzuia mitumbwi ya kuvuka kutoka upande wa pili. Vifo vya mafua: sifuri.

Bahari ileile, watu walewale, lugha ileile, tofauti ni bandari. Haya, niambie mpaka ni pambo.

#4 Hesabu Tupu

Nyuki, kisiwa kinachopokea meli moja moja si Milano. Poyer alizuia njia, Italia ilizuia ndege. Hayo ni mambo mawili.

Ukisimamisha ndege za moja kwa moja huku majirani zako hawajasimamisha, abiria anatoka Shanghai anapitia Frankfurt au Dubai, anatua Malpensa, uwanja wa ndege wa Milano, akiwa "ametoka Ujerumani". Hujampunguza sana, umempotezea asili yake. Kabla ya hapo ulikuwa na orodha ya abiria wa ndege ile, ungeweza kumpigia kila mmoja simu kwa siku 14. Sasa huna.

Halafu twende kwenye hesabu. Wagonjwa wakiongezeka maradufu kila siku 3, mmoja aliyeshapita kabla ya 31 Januari anakuwa 128 ifikapo 21 Februari. Ukichelewesha wageni kwa wiki moja unapata wiki moja. Swali ni uliitumia wiki hiyo kufanya nini.

#5 Mama Sampuli

Hapo kwa Hesabu Tupu naongeza kitu ambacho watu hukiruka: tafsiri ya mhisiwa, yaani nani anahesabiwa kuwa huenda anaugua.

Mwongozo wa Italia wakati ule ulisema mpime mwenye dalili ambaye ametoka China au amekutana na mgonjwa anayejulikana. Yule wa Codogno hakuingia kwenye sifa hizo. Daktari wa usingizi ndiye aliyeamua kumpima kinyume na mwongozo, ndipo ikajulikana. Maana yake virusi vilishatembea wiki kadhaa Lombardia, na karatasi inasema hakuna kitu, kwa sababu karatasi yenyewe imekataza kutazama.

California hivyohivyo. Mgonjwa wa kwanza wa maambukizi ya ndani ya jamii, hospitali iliomba apimwe tarehe 19 Februari, akapimwa 23, majibu 26. Hakuwa amesafiri, basi hakukidhi vigezo.

Kwa hiyo Italia haikuungua *licha ya* kufunga ndege. Kufunga ndege kulimpa kila mtu imani kwamba tatizo liko nje, na fomu ya mhisiwa ikaandikwa kwa imani hiyohiyo.

#6 Sahani96

Mama Sampuli umemaliza nusu ya kazi. Nusu nyingine: hata ukibadilisha fomu, una vitendanishi, yaani kemikali za kupimia?

Tuichukue Marekani. CDC yao, kituo cha kudhibiti magonjwa, ilitengeneza kipimo chenye sehemu tatu za virusi, N1, N2, N3, pamoja na RP, ambayo inatafuta jeni ya binadamu kuhakikisha sampuli kweli imetoka kwa mtu. Kibali cha dharura 4 Februari, vifurushi vikasafirishwa kwenda maabara za majimbo. Kila maabara kabla ya kuanza lazima ihakiki: unaweka maji safi badala ya sampuli, hayatakiwi kutoa mwanga. Yakatoa. N3 ikawaka kwenye maji matupu. Uchunguzi wa baadaye ulionyesha matatizo mawili: probu ya N3 (kipande kinachotoa mwanga) ilikuwa inashikamana na praima, kipande kingine cha kipimo hichohicho, na kutoa mwanga wa uongo, na N1 ya baadhi ya vifurushi ilikuwa imechafuliwa.

Kosa la kitendanishi hutokea popote. Kilichoumiza ni muda. Maabara zilitoa taarifa ndani ya siku chache, tatizo likatangazwa hadharani 12 Februari, ruhusa ya kutumia N1 na N2 peke yake ikatoka 26 Februari. Tarehe 29 ndipo maabara za hospitali na vyuo zikaruhusiwa kutumia vipimo vyao bila kungoja kibali kwanza. Wiki tatu nchi tajiri kuliko zote inapima kwa kijiko.

Na hapa pana kinaya. Tangazo la dharura la Marekani la 31 Januari ndilo lililobana. Kabla ya dharura maabara kubwa ya hospitali huweza kutumia kipimo ilichojitengenezea. Dharura ikitangazwa, kila kipimo kinahitaji kibali cha dharura.

Korea walishaumia na MERS, ugonjwa mwingine wa jamii ya corona, 2015, wagonjwa 186, vifo 38, wakabadilisha sheria. Tarehe 27 Januari 2020, wakiwa na wagonjwa wanne tu, wakaita kampuni za vipimo kikaoni kwenye stesheni ya treni ya Seoul. Kibali cha kwanza 4 Februari, siku ileile na Marekani. Tofauti: Korea ilitaka kampuni nyingi, Marekani ikategemea mzalishaji mmoja.

#7 Bodaboda wa Hoja

Sahani96 umesahau kusema Marekani walikataa vipimo vya WHO. Kiburi tu.

#8 Sahani96

Hapana mkuu, hilo lilisemwa sana ila si sahihi. WHO haikuwapelekea wakakataa. Utaratibu wa WHO ulikuwa kusambaza vifurushi kwa nchi zisizo na uwezo wa kujitengenezea, kwa kutumia protokali ya hospitali ya Charité ya Berlin, kina mtaalamu wa virusi Drosten, iliyotoka katikati ya Januari. Nchi zenye maabara kubwa zilijitengenezea: China, Ujerumani, Japani, Marekani. Kujitengenezea halikuwa kosa. Kosa ni kutokuwa na mpango wa pili.

#9 Bodaboda wa Hoja

Sawa, nimerudisha mpira kati.

#10 Mkaguzi wa Zamu

Shukrani kwa nondo. Na kwetu huku? Mwanzoni mwa Februari 2020 Afrika nzima ilikuwa na maabara mbili tu za kupima kirusi hiki, Dakar na Johannesburg. Africa CDC, kituo cha Umoja wa Afrika cha kudhibiti magonjwa, ikaita mafunzo Dakar, na ndani ya wiki chache nchi zaidi ya 40 zikawa zinaweza. Mgonjwa wa kwanza barani alithibitishwa Misri 14 Februari. Kwa hiyo kwa kasi ya kujiandaa hatukuwa wa mwisho.

#11 Nyuki Mkali

"Zinaweza" na "zinapima" ni vitu viwili. Kuwa na mashine moja mji mkuu na vitendanishi vya sampuli mia mbili tatu, hiyo ni picha ya ukumbusho.

#12 Shemeji wa Malaba

Naona mnabishana ndege na ndege. Afrika Mashariki ndege ilisimama Machi, ila corona ilikuja na lori. Wacha niwaeleze vile mambo yalikwenda Malaba na Busia, kwa sababu hapo ndipo "kufunga mpaka" kulionekana ni neno tu.

Uganda ilitangaza mgonjwa wa kwanza 21 Machi, abiria kutoka Dubai. Mipaka ikafungiwa watu, mizigo ikaachwa ipite, na lazima ipite, maana mafuta na ngano ya Kampala, Kigali na Juba inatoka Mombasa. Kila lori lina dereva na mara nyingi utingo.

Awamu ya kwanza: dereva anachukuliwa sampuli mpakani, anaachiliwa aendelee. Sampuli inaenda UVRI, taasisi ya utafiti wa virusi, Entebbe. Majibu yakitoka, dereva ameshafika Kampala au amepita kabisa. Sasa unaanza kumtafuta mtu mwenye lori na simu iliyozimwa, na kila mahali aliposimama kula au kulala.

Awamu ya pili: wakasema hakuna kuvuka bila majibu. Foleni upande wa Kenya ikawa makumi ya kilomita. Madereva wanalala chini ya lori, wanakula kibanda kimoja, wanachota maji mfereji mmoja. Foleni yenyewe ikawa pahali pa kuambukizana.

Awamu ya tatu: cheti kutoka unakoanzia safari, muda wake siku 14, ukivuka unaonyesha. Baadaye Jumuiya ikaleta mfumo wa kielektroniki wa kufuatilia mizigo na madereva, cheti kikawa kwenye simu.

Rwanda wao walichukua njia nyingine, Rusumo: dereva wa nje anakabidhi lori mpakani, dereva wa Rwanda analiendesha ndani, au shehena inahamishwa. Madereva wa Tanzania wakagoma. Makubaliano yakaruhusu mafuta na vitu vinavyooza kusindikizwa hadi mwisho wa safari.

#13 Hesabu Tupu

Shemeji, foleni yako naitafutia namba. Chukulia, ni mfano tu, malori 800 kwa siku yanafika na maabara inatoa majibu 500. Kila siku 300 yanabaki. Kila lori na nafasi yake lichukue mita 20: foleni inakua kilomita 6 kwa siku, siku ya 10 ni kilomita 60. Huhitaji uzembe wa mtu yeyote. Pengo la uwezo peke yake linatosha.

Na ukiongeza uwezo hadi 800 kamili foleni haipungui, inaacha kukua tu. Ili uimalize lazima upime zaidi ya wanaofika. Wapangaji wengi hukosea hapo, wananunua uwezo unaolingana na mahitaji ya kila siku na kusahau mrundikano.

#14 Dagaa Mchele

Karanga zimeisha, nimeagiza mihogo.

#15 Kanuni2005

Kuna safu moja mmeiruka: nani anatakiwa kumwambia nani, na lini.

Chini ya Kanuni za Afya za Kimataifa za 2005, nchi ikipata tukio lisiloeleweka ina saa 48 za kulitathmini. Maswali ni manne: athari kwa afya ya jamii ni kubwa? Ni jambo lisilo la kawaida au lisilotarajiwa? Kuna hatari kubwa ya kuvuka mipaka? Kuna hatari kubwa ya kuwekewa vikwazo vya safari au biashara? Ukijibu ndiyo kwa mawili, una saa 24 kuarifu WHO.

Litazameni swali la nne. Linakuuliza kama utaadhibiwa kibiashara, na ukisema ndiyo lazima utoe taarifa itakayokuletea adhabu hiyohiyo. Kwa hiyo kila serikali, si moja wala mbili, ina sababu ya kusita kwenye saa zile za mwanzo.

Upande wa pili, nchi inayoweka vikwazo vikali kuliko ushauri wa WHO inatakiwa ieleze sababu zake za kiafya ndani ya saa 48. Mwaka 2020 nchi ziliweka kwanza, maelezo wengi hawakutoa.

Na WHO yenyewe: kamati ya dharura ilikutana 22 na 23 Januari ikagawanyika, ikarudi 30 Januari ndipo dharura ya kimataifa ikatangazwa. Neno "pandemiki" la 11 Machi, ambalo wengi ndilo walilolisikia, halikuwa na uzito wowote kisheria wakati ule. Marekebisho ya 2024 ndiyo yameingiza daraja la "dharura ya pandemiki".

#16 Mwana wa Pwani

Ahsante Kanuni. Mimi nasema jambo moja dogo linaloua mipango mikubwa: saa kati ya kutangaza na kuanza.

Wuhan: tangazo saa nane usiku 23 Januari, kuanza saa nne asubuhi. Saa nane za kukimbia. Lakini meya wao alisema watu kama milioni 5 walikuwa wameshaondoka kabla, sababu ya sikukuu ya mwaka mpya.

Italia: jioni ya 7 Machi rasimu ya amri ikavuja kabla haijasainiwa, watu Milano wakajaa stesheni kushika treni za kusini.

Marekani: hotuba ya 11 Machi, katazo la Ulaya linaanza usiku wa 13. Wamarekani wakarudi wote kwa pamoja, viwanja kama O'Hare cha Chicago vikawa na foleni za masaa, watu wamebanana kama ndizi kwenye tenga wakisubiri kupimwa joto.

India: saa mbili usiku 24 Machi, kuanza saa sita usiku. Hapo hakuna wa kukimbia, ila kesho yake vibarua wasio na kazi wala chakula wakaanza kutembea kwa miguu mamia ya kilomita. Ukitoa muda, ugonjwa unasafiri. Usipotoa, njaa inasafiri.

Kenya: 6 Aprili Nairobi ikafungwa saa moja jioni siku ileile ya tangazo. Kilifi, Kwale na Mombasa, tangazo lilelile, zikaanza 8 Aprili. Wenye magari hawakuhitaji kuambiwa mara mbili.

Na kafyu ya kwanza, 27 Machi, saa moja jioni. Likoni ya Mombasa mnaijua: watu wanatoka kazini kisiwani, kivuko ni kimoja, feri zina kiwango chake. Hukubadilisha saa za kutoka kazini, umekata saa za kuvuka. Umati wa usiku mzima umeuminya ndani ya saa mbili, halafu vitoa machozi juu yake, watu wanakohoa na kujifuta macho. Ukitaka kusambaza ugonjwa wa njia ya hewa makusudi, hutapata njia bora.

#17 Bodaboda wa Hoja

Mwana wa Pwani hapo kwenye Likoni umepiga kunako.

Ila jamani tusizunguke. Nani anataja papai? Uzi wa corona bila papai ni pilau bila bizari.

#18 Nyuki Mkali

Nilijua tu. Haya: 3 Mei 2020 Rais Magufuli, akiwa Chato, alisema walipeleka kwa siri sampuli za papai, mbuzi, kware, oili ya gari na vinginevyo kwa majina ya watu, na baadhi zikarudi chanya. Mkuu wa maabara akasimamishwa. Africa CDC wakasema vipimo havina tatizo. Takwimu zikakoma siku hizohizo zikiwa 509 na vifo 21, hadi utawala uliofuata.

Mnyonge mnyongeni: kupeleka sampuli za siri kukagua maabara si wazimu, ni utaratibu unaojulikana. Sahani96 atanikosoa.

#19 Sahani96

Nakubali nusu. Ukaguzi wa sampuli fiche upo na ni wajibu. Lakini una masharti, bila hayo hujui umepima nini.

Kwanza, sampuli fiche inatengenezwa na maabara ya rejea, unajua kilichomo. Papai lililopanguswa sokoni au jikoni hujui nani kalishika, na ambaye hakuvaa glavu kaacha alama ya binadamu.

Pili, ile RP niliyotaja #6. Oili ya gari ikiwa safi haina jeni ya binadamu, RP haiwaki, majibu sahihi ni "batili", siyo "hasi". Sasa angalieni mtego: kwa utaratibu wa kipimo cha CDC, sehemu za virusi zote zikiwaka, jibu ni chanya hata kama RP haikuwaka. Na vipo vifurushi ambavyo kontroli ya ndani huongezwa na maabara yenyewe, havitambui kabisa kama sampuli ni ya mtu au ya embe. Kwa hiyo papai kutoa chanya kunawezekana bila kitendanishi kuwa kibovu: uchafuzi wa sahani (kibao cha vishimo vinavyowekwa sampuli), tone lililoruka kishimo cha jirani, au kuhesabu mwanga wa mzunguko wa 39 kuwa chanya.

Tatu, hatua ya kwanza ukipata jibu la ajabu: toa karatasi ya sahani ile. Kontroli hasi ilikuwa wapi, ilitoa nini? Sampuli ya papai ilikaa kishimo gani, jirani zake walikuwa na Ct ngapi, yaani mwanga uliwaka mzunguko wa ngapi (namba ndogo, virusi vingi)? Jirani akiwa na Ct 16, huyo ndiye mtuhumiwa wako. Halafu rudia tangu kutoa chembe za urithi, siyo tangu sahani. Kazi ya saa sita. Hiyo karatasi ndiyo ningependa ijadiliwe, kuliko papai.

#20 Shemeji wa Malaba

Na ndiyo maana Namanga Mei ile pande mbili, Kenya na Tanzania, zilipima madereva wale wale zikapata majibu tofauti, na kila upande ukaona mwingine anadanganya. Uganda nayo mwezi huohuo ikaondoa madereva wa kigeni kwenye hesabu yake na kuwarudisha walikotoka. Dereva huyo akirudishwa, kwao nani anamwandika? Anaweza kuhesabiwa mara mbili au asihesabiwe popote.

#21 Mama Sampuli

Kabla ya kulaumu maabara mbili kwa majibu tofauti: sampuli zilichukuliwa siku moja? Mtu siku ya 3 ni chanya, siku ya 12 anaweza kuwa hasi, na yeye ni yuleyule. Na kijiti kilifika kweli nyuma ya pua, au kiligusa mlango wa pua dereva akajivuta?

Vilevile hao tuliokuwa tukiwanyooshea kipima joto kwenye paji la uso. Mgonjwa wa kwanza wa Tanzania, 16 Machi, alikaguliwa KIA alipotua kutoka Ubelgiji, hakuwa na homa, dalili zikaanza baadaye. Wa kwanza wa Kenya alitua 5 Machi, akathibitishwa wiki moja baadaye. Kipima joto kinakamata mwenye homa saa ile. Tangu kuambukizwa hadi dalili ni siku 5 hivi kwa wastani, hadi 14. Mwenye siku 2 anapita, na mwenye panado tumboni anapita vilevile.

#22 Mkaguzi wa Zamu

Kwa hiyo dawa ni karantini ya siku 14 kwa kila anayeingia?

#23 Kanuni2005

Ndiyo, ila angalia nani analipa. Machi 2020 Kenya na Tanzania zote zilisema abiria ajilipie siku 14. Matokeo yake yanatabirika: mwenye ndege ya Jumatano anaiwahi ya Jumapili, anayejua njia ya panya anaitumia, anayekohoa hasemi. Kenya kuna waliomaliza siku zao wakazuiwa kwa bili, na penye mgonjwa mmoja bweni zima likaongezewa 14 nyingine, kwa sababu waliwekwa pamoja wakishiriki vyoo na sehemu za kulia. Mei serikali ikasema italipa yenyewe. Vietnam waliweka watu kwenye kambi za jeshi na kuwalisha bure tangu Februari. Si ubinadamu tu, ni hesabu: anayelishwa haruki ukuta.

#24 Bodaboda wa Hoja

Na Taiwan mbona hamuitaji? Walianza kukagua ndege za Wuhan 31 Desemba 2019, abiria wakiwa bado ndani ya ndege. Barakoa wakazuia kuuzwa nje 24 Januari, na kuanzia 6 Februari kila mtu mzima anapata 2 kwa wiki akionyesha kadi ya bima duka la dawa. Kadi hiyohiyo ikaunganishwa na rekodi za uhamiaji, daktari akiichomeka anaona ulikotoka.

#25 Nyuki Mkali

Taiwan ni kisiwa. Narudi kwenye bandari yangu ya Samoa 😀

#26 Hesabu Tupu

Uingereza nayo ni kisiwa, Nyuki. Ilisimamisha kupima na kufuatilia watu kwenye jamii 12 Machi kwa sababu uwezo uliisha, ikafunga 23 Machi. Siku 11.

Na kwa wenye vitendanishi vichache, ipo njia ambayo Rwanda waliifanyia kazi mapema: kuchanganya sampuli. Kanuni ya kale ya Dorfman ya 1943: changanya 10, pima mara moja, ikiwaka ndipo pima mmoja mmoja. Wagonjwa wakiwa 1 katika 100, watu 1,000 wanahitaji vipimo kama 196. Wakiwa 10 katika 100, vipimo 751. Wakifika 30 katika 100 unatumia 1,072, yaani umepata hasara. Wa Kigali, kina Ndifon wa AIMS, taasisi ya hisabati, walizipanga sampuli kama kwenye mraba au mchemraba ili kumnasa mwenye virusi bila kurudia kila mmoja. Ila ona kitu: njia hii ina faida mwanzoni tu, wakati wagonjwa ni wachache, na mwanzoni ndipo watu husema "wagonjwa wenyewe wachache, vipimo vya nini".

#27 Nyuki Mkali

Mimi bado sijashawishika. Mnachukua aliyepona, mnatafuta alichofanya, mnakiita sababu. Lombardia ina wazee wengi, Uganda zaidi ya nusu ni watoto na vijana. Ugonjwa ungekuwa unaua watoto kama surua, hata hiyo Rwanda iliyofunga 21 Machi tungekuwa tunaiandika vingine.

#28 Kanuni2005

Hilo la umri linaeleza vifo, halielezi kwa nini Codogno haikuonekana wiki tatu.

#29 Nyuki Mkali

Linaeleza pia. Jamii ya vijana haionekani hata leo.

#30 Dagaa Mchele

Sahani96, swali la kando. Vijiti vya pamba vya dukani, vya kusafishia masikio, vikitumika kuchukua sampuli kipindi vifaa vimeadimika kuna ubaya gani?

#31 Sahani96

Pamba na mti vina vitu vinavyozuia mmenyuko wa PCR (kuzidisha chembe za urithi za virusi hadi zionekane), unapata hasi ya uongo au batili. Kijiti kiwe cha plastiki, kichwa cha nailoni au poliesta. Pia kile cha masikio ni kifupi, hakifiki nyuma ya pua. Ukishachukua, kivunjie ndani ya kichupa chenye kimiminika cha kusafirishia, kaza kifuniko, nyuzi 2 hadi 8, kifike maabara ndani ya saa 72. Kikizidi hapo kigandishwe nyuzi 70 chini ya sifuri. Na jina liandikwe kwenye kichupa, siyo kwenye kifuniko. Vifuniko hubadilishana.